Sista Hawezi Joto la Ndungu

Koleta wa Mhezi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo aliitwa Sista. Msicheke bado. Alikuwa Frizia, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, mweusi wa kichwa, mwenye utepe mweupe uliozunguka paji la uso na kushuka mashavuni, na siku alipozaliwa, akiwa bado analambwa na mama yake, Sebastiani mume wa Koleta alimtazama akasema, "Huyu mtawa kabisa. Amekosa rozari tu." Jina likanata. Padri alipokuja kubariki nyumba akaambiwa, alicheka hadi akashika nguzo ya banda, kisha akambariki na ng'ombe.

Sebastiani hakukaa sana baada ya hapo. Kifua kilimchukua wakati wa masika, na Koleta akabaki na nyumba kubwa iliyojengwa na mtu ambaye hayupo. Watoto walishatawanyika siku nyingi: Evaline yuko Mwanza kwa mumewe, Wilbard yuko chini Ndungu kwenye mpunga. Huko mlimani Upare siku hizi ndivyo ilivyo. Vijana wanashuka, wazee wanabaki na migomba yao, na kanisani ukitazama kutoka nyuma unaona mvi na vilemba tu. Basi Koleta akiamka asubuhi, wa kwanza kusalimiwa alikuwa Sista. Anachemsha maji ya kuoshea kiwele, anavuta kigoda, anakamua, na huku anasema. Anasema alichoota. Anasema nani kamnunia kwenye jumuiya. Anauliza, "Au mimi ndiye mwenye makosa, Sista?" Ng'ombe anapiga mkia, na Koleta anasema, "Ehe, nilijua tu utasema hivyo." Mpita njia angedhani nyumba ina wageni.

Kilichomtoa Mhezi ni goti. Alikuwa anashuka na mzigo wa gwatemala kichwani, yale majani marefu tunayopanda kwenye kingo za matuta kuwalisha ng'ombe wa bandani. Ukungu ulikuwa umelowesha njia, mguu ukateleza, na mama wa watu akaenda chini pamoja na mzigo wake. Redempta ndiye aliyemwokota. Redempta ni jirani, mjane mwenzake, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hospitalini wakalifunga goti, wakalifungua, wakalipiga picha, na daktari akamwambia Koleta aendelee kumshukuru Mungu lakini milima basi tena. Mizigo basi. Akitaka kuendelea kutembea, atembee penye tambarare.

Wilbard akaja na maneno yake tayari. "Mama, shuka. Chumba kipo, umeme upo, zahanati iko pale pale. Hapa utakufa peke yako tujulishwe na watu wa kanisani."

"Siendi bila Sista," akasema Koleta.

"Mama, ng'ombe tutauza."

"Basi niuze na mimi. Tutapata wateja pamoja."

Wilbard alikuwa anamjua mama yake, kwa hiyo hakubishana. Alirudi Ndungu, akajenga banda nyuma ya nyumba, na mwezi wa saba akaja na lori dogo la kukodi, Kanta.

Sasa hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi Wapare na ng'ombe, maana bila hicho mtamwona Koleta mjinga, na hakuwa mjinga. Baba yake, mzee Lukasi, alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu. Majani ya mlimani yakipungua, aliwashusha tambarare kwa rafiki zake. Huko kukikauka, akawapandisha tena. Kuwekesha ng'ombe ndiko kulikounganisha watu wa juu na wa chini: wewe unanitunzia, unakunywa maziwa, ndama tunagawana, na watoto wetu wanaitana ndugu. Ng'ombe wa mzee Lukasi walipanda na kushuka miaka yote ile, na hakuna aliyesikia kwamba ng'ombe amekufa kwa joto. Kwa hiyo katika kichwa cha Koleta ng'ombe alikuwa ni ng'ombe. Kwao ni penye majani. Mengine ni mazoea.

Na mzee alikuwa na namna yake ya kumzoesha ng'ombe. Unachota udongo wa zizi la zamani na majivu ya jiko la zamani, unakoroga kwenye maji yenye chumvi, unamnywesha siku ya kwanza akiwa ameipa mgongo njia aliyotokea. Akinywa, amehama. Asiponywa, atakusumbua. Koleta alifunga udongo na majivu yake kwenye kitambaa, akakaa mbele na dereva, wakazunguka kupitia Same mjini, wakashika njia ya Kisiwani na Maore, na jioni wakaingia Ndungu. Sista akashushwa, akageuzwa, akapewa ndoo. Akanywa yote, akalamba na ndoo.

"Umeona?" Koleta akamwambia Wilbard. "Babu yako hakuwa na digrii."

Akampigia simu Redempta hapo hapo kumpa habari.

Mwezi wa saba Ndungu ni pazuri, msije mkasema nawasingizia. Kipupwe kinavuma, asubuhi mtu anatafuta sweta. Sista alikula pumba za mpunga, alikula mabua, akatoa maziwa karibu sawa na ya Mhezi, na watu wakaja na chupa. Kasoro moja tu Koleta aliiona: banda. Wilbard alilijenga la nguzo na paa, pande zote wazi, kama wanavyojenga watu wa huko. Koleta alishtuka. Kwetu Mhezi banda la ng'ombe wa kisasa linazibwa, maana ukungu wa mlima Shengena ukimwingia ng'ombe kifuani umemkosa. Hakumpa mwanawe raha hadi mbao zikapigiliwa pande mbili na magunia yakatundikwa upande wa tatu.

Jirani yao, mzee Sefu, alikuwa na ng'ombe wa kienyeji waliokwenda kuchunga na kurudi. Akapita, akasimama, akatazama magunia.

"Mama Wilbard, unamficha nani humo?"

"Namkinga na upepo."

"Huku upepo tunautafuta, dada yangu. Wewe unaukimbiza?"

Koleta akamwambia asante kwa ushauri, kwa sauti ile ya kumwambia mtu aende zake.

Upweke wa Ndungu ulikuwa tofauti na ule wa Mhezi. Kule mlimani nyumba ilikuwa tupu na ilijulikana kuwa tupu. Hapa nyumba ilikuwa na watu, na Koleta alikuwa peke yake ndani yake. Wilbard na mkewe Irine walitoka alfajiri kwenda shambani, wakirudi wamechoka, matope hadi magotini. Watoto wao walikuwa shule ya bweni. Irine alikuwa mkwe mwema, nasema kweli. Alimwachia chai kwenye chupa, alimfulia, hakumpandishia sauti hata siku moja. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angetendewa vibaya angepata la kumwambia mtu. Aliketi barazani, akahesabu pikipiki, akasalimiwa "shikamoo bibi" na vijana wasiosubiri "marahaba," akainua macho kuitazama milima. Kutoka Ndungu unaiona Upare kama ukuta, mawingu yamekaa juu yake. Mhezi yenyewe huioni; iko nyuma huko, ndani ya mawingu hayo.

Kanisani alikwenda, watu wakamkaribisha vizuri, wakamuuliza ni mama wa nani. Alizaliwa akiitwa Koleta, akaolewa akaitwa Mama Wilbard, akafika Ndungu akawa "yule bibi wa mlimani mwenye ng'ombe." Hilo la mwisho alilipenda, maana lilikuwa na ng'ombe ndani yake. Akirudi nyumbani anaingia bandani na kumweleza Sista mahubiri yote.

Basi kipupwe kikaisha. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukaingia, na jua la Ndungu likatoa meno. Mnaolijua mnalijua. Mabati yanalia yenyewe mchana, mbwa wanahamia chini ya mitungi, na mtu akikusalimia unamjibu kwa kope. Sista akaanza kuacha chakula. Maziwa yakapungua kutoka ndoo hadi sufuria, kutoka sufuria hadi kikombe. Akasimama kutwa nzima hataki kulala, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi, mate yanadondoka, ubavu unapanda na kushuka haraka haraka.

Koleta akatazama ule ubavu, moyo ukampasuka. Kwa sababu huko kwetu, ng'ombe akihema hivyo ana jambo moja tu: baridi imemwingia kifuani. Alishawaona. Alishawauguza. Dawa yake kila mwanamke wa Mhezi anaijua: ziba banda, mfunike, mpe maji ya moto yenye chumvi, asipigwe na upepo hata kidogo.

Na ndicho alichofanya. Jamani, ndicho alichofanya. Alitundika magunia upande wa nne. Alitoa blanketi lake mwenyewe, lile zito la mlimani ambalo Ndungu halikuwa na kazi, akamfunika Sista mgongoni na kulifunga kwa kamba chini ya tumbo. Akachemsha maji. Akakaa naye humo ndani, jasho linamtiririka, anamsugua shingo. "Vumilia, mwanangu. Ni kifua tu. Kitaachia." Hakuna mtu nyumbani wa kumwambia hapana. Kama Redempta angekuwapo, pengine naye angeleta blanketi la pili.

Siku ya pili ya dawa hiyo, jua likiwa utosini, Sista alipiga magoti, akaanguka ubavu.

Ukelele alioutoa Koleta uliwafikia watu wa mashine ya mpunga. Mzee Sefu ndiye aliyefika kwanza. Alifunua gunia, joto likampiga usoni, akarudi nyuma hatua nzima.

"Loo! Mama, unamwoka!"

Hakungoja jibu. Alikata kamba za magunia kwa panga, akaling'oa blanketi, akaita vijana waliokuwa wakipita na madumu, na maji ya mfereji yakaanza kumwagwa juu ya ng'ombe, kichwani, shingoni, mbavuni. Koleta alisimama katikati yao akipiga mikono. "Atapata nimonia! Mnamuua! Acheni, mnamuua!" Mtu mmoja akamshika bega akamketisha. Kisha Sista akafungua jicho, akavuta pumzi ndefu, na baada ya maji mengi mno akainua kichwa. Koleta akaona.

Afisa mifugo wa kata alikuja na pikipiki. Alikuwa binti anaitwa Sabrina, mtoto wa Kihurio, mpole lakini hana mchezo na kazi. "Shikamoo mama," akasema, na akasubiri marahaba yake, jambo ambalo Koleta alilikumbuka baadaye. Akampima Sista joto, akasikiliza mapafu, akachungulia kope.

"Mapafu mazima," akasema. "Huyu ana joto, mama. Joto tu. Anahema ili alitoe."

"Lakini amekaa hapa tangu mwezi wa saba. Alizoea. Alikunywa majivu, Wilbard shahidi."

Sabrina hakucheka, na kwa hilo Mungu ambariki. Alivuta kigoda cha kukamulia akaketi mbele ya Koleta, akamwonyesha ng'ombe wa mzee Sefu waliosimama juani ng'ambo ya njia, wanacheua bila habari na mtu.

"Watazame wale. Manyoya yao mafupi, yanang'aa, yanarudisha jua. Ngozi imelegea, imejikunja shingoni, ina nafasi kubwa ya kutoa jasho. Na hata ndani, kwenye vile vipande vidogo kabisa vya mwili, wana namna ya kujilinda joto likipanda. Hivyo vyote hawakujifunza, mama. Wamezaliwa navyo. Wazee wao wameishi kwenye jua vizazi na vizazi. Asiyeweza alikufa bila ndama, aliyeweza akazaa, na alichokuwa nacho akakirithisha. Tunaita vinasaba. Ni kama maagizo, yamo kwenye damu, yanatoka kwa baba na kwa mama. Hata nyati wa kule hifadhini, huyo mweusi tii, mchana humkuti uwanjani, yuko kivulini au kwenye matope, na bado amezaliwa na vya kumsaidia ambavyo huyu hana."

"Na huyu?"

"Huyu maagizo yake yameandikwa kwenye baridi. Kwao ni nchi ya theluji. Walichaguliwa wenye maziwa mengi, na ng'ombe wa maziwa mengi anakula sana, na anayekula sana tumboni kwake kuna jiko. Huko kwao jiko ni faida. Hapa linampika."

Koleta akakasirika kidogo, maana mtu anapoogopa hukimbilia hasira. "Sabrina, mwanangu, huyu kwao si nchi ya theluji. Amezaliwa Mhezi. Mimi nilikuwapo. Mama yake naye alizaliwa Mhezi."

"Ndiyo, mama. Na ukungu wa Mhezi umemsitiri yeye na mama yake. Hamkuwahi kumjua, kwa sababu huko hakuna joto lililomjaribu."

"Basi atazoea polepole. Hata mimi nilipata vipele mwezi mzima, sasa nimezoea."

"Wewe unavua kitenge, mama. Yeye hili koti hawezi kulivua." Sabrina akaweka kiganja juu ya ubavu uliokuwa bado unakwenda mbio. "Tukimpandisha kwa mbegu ya dume mwenye damu ya kienyeji, ndama wake anaweza akakaa hapa vizuri. Mwanawe, sawa. Yeye mwenyewe hapana. Leo tumemwahi. Miezi ya joto lenyewe bado haijafika, na hamwezi kumwagia maji kutwa nzima hadi masika. Mrudishe mlimani, mama. Au muuze kwa mtu wa mlimani."

Wilbard na Irine waliporudi jioni walimkuta Koleta ameketi kando ya banda lisilo na ukuta. Hakulia. Alikuwa ameshapanga.

"Tafuta gari," akasema. "Tunarudi Mhezi. Wote wawili."

Wilbard akanawa uso taratibu, akaja akachutama mbele yake. "Mama, nani atakata majani?"

"Mimi."

"Nani atayabeba?"

"Kuna watu wa kulipa."

"Nani? Niambie jina moja la kijana aliyebaki pale kwenye kitongoji chetu. Jina moja tu, mama, na mimi natafuta gari sasa hivi."

Koleta akapekua kichwani, nyumba moja baada ya nyingine, kuanzia kisimani hadi kanisani. Aliona wazee. Aliona milango iliyofungwa kwa kufuli. Akainuka kwa hasira, akavuka ua hadi kwenye tuta la mfereji, tuta dogo ambalo mbuzi hupanda bila kufikiri, akaweka mguu apande ili mwanawe aone. Goti likakataa. Akajaribu kwa mguu mwingine, goti bovu likabaki nyuma lisitake kumfuata. Akasimama hapo, mguu mmoja juu, mmoja chini, hawezi kupanda wala kushuka, mpaka Irine akaja akamshika mkono.

Uchungu uliompata pale hauna haja ya kupambwa. Yeye alihitaji tambarare ili aishi, ng'ombe wake alihitaji mlima ili aishi, na hakuna mahali duniani palipokuwa na vyote viwili.

Kesho yake akampigia Redempta. Hakusema "nakuuzia." Alisema kama alivyosema baba yake: "Nataka kuwekesha ng'ombe kwako."

Siku zote watu wa mlimani ndio walioweka kwa watu wa chini. "Mwaka gani huu," akasema Redempta, "wa chini wanaweka juu. Mlete, dada. Banda langu lipo, na majani yako bado yamesimama kwenye matuta yako. Nitamtunza."

Walimsafirisha asubuhi na mapema kabla jua halijakaza. Mzee Sefu alikuja kusaidia kumpandisha kwenye gari, na hakusema neno lolote la kejeli, ingawa alikuwa na haki ya kusema. Koleta aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kama kawaida, akamkamua kile kikombe kimoja kilichobaki. Alikuwa na mengi ya kumwambia, maana hakulala. Lakini palikuwa na dereva, na utingo, na Wilbard, na mtu anaona haya kusema na ng'ombe mbele ya watu. Alimfuta tu kile kitepe cheupe kwa upindo wa kanga. Gari likaondoka. Wilbard na Irine wakaenda shambani, kwa sababu maji ya zamu yao yalikuwa yanafunguliwa siku ile, na maji ya zamu hayangoji.

Siku hizo zilizofuata Koleta hakujua afanye nini na mikono yake. Aliamka, akachemsha maji, akakumbuka, akayamwaga. Irine alimkuta mara moja amekaa kwenye kigoda katikati ya banda tupu, akamuuliza, "Mama, unatafuta kitu?" Akajibu, "Napumzika tu, mwanangu." Simu aliiweka kifuani ndani ya blauzi, lakini hakupiga. Nitawaambieni kwa nini, maana yeye hakumwambia mtu. Alikuwa anangoja Redempta apige aseme mambo yameharibika. Si kwamba afe, hasha, Mungu apishe mbali. Alitaka asikie kwamba Sista ameshusha joto, amepona, lakini anasumbua. Anabana maziwa. Anapiga teke. Anageuza kichwa njiani mtu akipita, anatafuta. Alikuwa ameshaandaa na cha kumjibu Redempta: mwimbie kidogo, mwite mwanangu, mweleze habari za kanisani, atatulia. Mchana kutwa barazani aliyarudia maneno hayo moyoni.

Jumapili baada ya misa ndipo Redempta alipopiga.

"Amepona," akasema. "Tangu gari lilipopita Mwembe na kuanza kupanda, utingo alisema, alifunga mdomo akaanza kutazama tazama. Hapa kalala siku nzima kwenye ukungu kama malkia. Anakula, dada! Gwatemala yako nitaimaliza."

"Mungu asifiwe," akasema Koleta, na alikuwa na maana yake kabisa. Machozi yalimtoka ya furaha, tusimnyang'anye hiyo. "Na maziwa? Anakupa, au anabana?"

"Alinipa siku ile ile ya kwanza. Nilidhani nitahangaika, nikachukua hadi kamba ya kumfunga miguu. Wala. Nimeketi tu, yakashuka. Sasa tunaelekea kujaza ndoo."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Barazani Koleta alikuwa peke yake. Wilbard alikuwa kwenye mkutano wa skimu ya umwagiliaji, Irine kwaya. Pikipiki ilipita, vumbi likatua taratibu juu ya maua ya Irine.

"Redempta," akasema Koleta, "uko naye karibu?"

"Niko bandani hapa hapa, namlisha."

"Mwekee simu sikioni. Usiniulize. Mwekee tu."

Akasikia simu inakwaruza kitu, akasikia pumzi nzito anayoijua, taratibu sasa, nzuri, pumzi ya mnyama mwenye afya. Koleta akageuka ukutani, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

"Sista," akasema. "Sista, mwanangu. Ni mimi."

Akangoja. Akasema tena, kwa ile sauti ya asubuhi ya kuketi kwenye kigoda. Kisha simu ikakwaruza, Redempta akarudi.

"Amefanyaje?" Koleta akauliza.

"Anakula."

"Hata sikio hakusimamisha?"

Redempta alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini hayo alichukua muda kuyatafuta.

"Anakula, dada," akasema. "Anakula vizuri sana."

Koleta akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi mwache ale."